Moroko Haisubiri Desemba

Mkomaindo, Masasi
11 Agosti 2024

Mama Faidha, mdogo wangu,

Salaam. Simu umenifungia, sawa. Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana, nimepiga baada ya magharibi, na yule dada wa mtandao ananiambia hupatikani kwa sauti ya upole kuliko yako. Lakini karatasi haifungiki. Hii anakuletea Optatus, utingo wa gari la Newala, na nimemwagiza asibanduke mlangoni kwako mpaka umeisoma, hata ukimmwagia maji.

Kosa langu ni nini? Mkwe wetu Abdulrazaki katuambia tuchague tarehe, yeye akate tiketi mbili, yako na yangu, twende Moroko wiki moja tukamwone Faidha. Mimi nikakaa, nikapanga. Ulitaka apange nani? Wewe safari yako ndefu ni Newala mpaka Mtwara, na ulitapika. Mimi nimeingia Lubumbashi juu ya lori la simenti. Beira nimelala. Lusaka kuna mama ntilie mpaka leo akisikia honi ya lori anatoka nje kuangalia kama ni mimi. Dunia ni ileile, Zena, inabadilika sura za noti tu.

Sasa sikiliza. Jumapili tunatua Kasablanka, tunaswali kwenye ule msikiti uliojengwa baharini. Jumatatu Marakeshi, kwenye uwanja wa wacheza nyoka. Nyoka wa Masasi wananitosha, ila nataka kuona wenzetu wanawapaje adabu. Jumanne tunapanda milima yenye theluji. Jumatano jangwani, ngamia, hema, picha. Alhamisi piramidi. Ijumaa ule mji ambao nyumba zote wamepaka buluu, sijui rangi ilikuwa ya bure. Jumamosi mchana tunapita Fezi kwa Faidha, tunamsalimia, tunakula, jioni ndege.

Twende Desemba. Oktoba mnada wa korosho unaanza, na nisipoonekana mnadani watu watakuja kwangu na sanda. Tena suti fundi hajamaliza.

Nijibu kwa adabu.

Kaka yako,
Fakihi, msafiri


Newala
14 Agosti 2024

Kaka Fakihi, shikamoo.

Optatus alisimama mlangoni kweli. Nikampa muhogo akala, huku ananiangalia uso kama anatazama mpira.

Simu nimekufungia kwa sababu ulinisimulia ngamia siku nne mfululizo, na ya mwisho ulipiga niko kwenye khitma ya jirani, simu ikalia na sauti yako ikasikika mpaka kwa shehe.

Piramidi ziko Misri.

Kaka, mimi sitaki nyoka wala theluji. Naomba mawili. La kwanza, wiki yote tukae Fezi, nyumbani kwa Faidha, tusitoke. La pili, twende mwezi huu wa tisa unaokuja, mwishoni, na usipite. Desemba ni mbali. Abdulrazaki anakusubiri wewe useme tarehe, maana alipokuja kuoa aliambiwa mjomba ndiye mwenye neno. Basi litoe.

Nina mizigo kidogo: unga wa mtama, mafuta ya nyonyo na kaniki mbili. Usicheke. Na usiniulize.

Dada yako,
Zena


Newala
14 Agosti 2024

Bibi Esha, shikamoo.

Hii ni ya pili leo, anaishusha Optatus akipita Nanganga kesho. Goti linaendeleaje? Nimesikia wa Ndanda wamekubadilishia dawa.

Nakuandikia wewe kwa kuwa kuna neno siwezi kumwandikia Fakihi. Faidha ana mimba, ya kwanza. Mwisho wa Septemba anaingia mwezi wa saba. Wewe ndiye uliyenifundisha: mimba ya kwanza haitajwi mpaka ngoma yake, litiwo, ichezwe, wanawake wamfunde mwali, na mwanamume wa ukoo ndiye wa mwisho kuambiwa. Mimi nikimtamkia kaka yangu habari za tumbo la mwanangu, nitamtazama usoni tena na macho gani? Angekuwa na mke ningemnong'oneza wifi, naye angejua pa kusemea. Lakini nyumba ile siku hizi ina redio na paka.

Mtoto amenitumia sauti kwenye simu, analia. Anasema, "Mama, mimi ni nesi, nawazalisha wanawake wa watu. Ya hospitali nayajua yote. Ya kwetu sijui hata moja, na naogopa." Mama mkwe wake ni mtu mwema, anamletea supu kila siku. Lakini nyimbo zetu atazitoa wapi?

Na linaloniumiza zaidi, Bibi: mama hamfundi mwanawe. Nikifika peke yangu nitafanya nini, nimpikie uji nirudi? Tiketi ni mbili. Moja yangu. Ya pili ni ya Fakihi, ameshapimwa suti.

Nishauri, maana nimekwama.

Mjukuu wako,
Zena


Mkomaindo
20 Agosti 2024

Mama Faidha,

Piramidi najua ziko Misri. Nilikuwa nakupima kama unasoma au unapitisha macho.

Nimelegeza. Theluji nimeifuta, ingawa fundi alishatia bitana kwenye koti. Fezi nimekupa siku mbili badala ya mchana mmoja. Jangwa sifuti, hata ulie. Nimeshawaambia Mkomaindo nzima, nimewaambia wa sokoni na wa msikitini, na mmoja nimemwahidi picha yangu juu ya ngamia aitundike kwenye kibanda chake cha kunyolea. Nirudi na picha gani, mimi nimekaa kwenye kochi la mkwe?

Lakini lipo jambo. Nimeutazama mzigo wako. Mtu anayekwenda matembezi habebi kaniki. Kaniki, nyonyo, mtama: huo ni mzigo wa shida. Halafu unaniambia usiniulize. Halafu Septemba, Septemba, kama kuna moto. Nimejumlisha. Darasa la saba si dogo, Zena. Faidha anateswa kule. Kapigwa, au kaletewa mke mwenza, na wewe unanificha ili nisitoke na panga.

Mimi ndiye mwenye mbumba. Wanawake wote wa tumbo la mama yetu wako mgongoni kwangu: wewe, yeye na watakaokuja. Mtoto wangu hafutwi machozi kwa siri. Kwa hiyo jana nimemtumia Abdulrazaki ujumbe, kwa Kiswahili, maana hasira yangu haijui lugha nyingine. Nimemwambia: Umemfanya nini mwanangu? Umempiga lini, na mke wa pili ni nani? Usikate tiketi mpaka ujieleze. Na mwambie baba yako mjomba haendi penye ugomvi mpaka aitwe na mwenye kosa.

Nangoja waniite. Ndiyo uanaume huo.

Fakihi


Newala
26 Agosti 2024

Kaka, shikamoo.

Naandika kwa sababu nikikupigia nitakutukana, na wewe ni mkubwa wangu.

Abdulrazaki hajui Kiswahili, Fakihi. Hajui! Umekaa naye siku tatu huko Masasi ukimsimulia Lubumbashi, akawa anatabasamu tu, hukuona? Ujumbe wako kausoma Faidha. Walikuwa mezani, yeye, mume wake na mzee. Mume kamwuliza, mjomba anasemaje? Ikabidi mtoto amtafsirie mume wake, mbele ya baba mkwe, kwamba mjomba anauliza kapigwa lini na mke wa pili ni nani. Mzee wa watu akaweka kijiko chini. Yule yule aliyekula wali wako akakuombea dua mpaka ukalia. Abdulrazaki kaondoka kwenda kazini chakula hakijaisha, na habari ya tiketi hakuna anayeitaja tena ndani ya nyumba ile.

Hajapigwa. Hana mke mwenza. Wallahi. Anapendwa mpaka nimeona wivu.

Nimekuambia usiniulize, basi usiniulize. Maana yake si kwamba nenda ukajijibu mwenyewe! Umefika Lubumbashi, umefika Beira, kwa dada yako bado hujafika.

Mwombe radhi mzee. Kisha tamka tarehe ya Septemba. Kila siku unayokaa kimya pale Mkomaindo inamla mwanangu, na siwezi kukuambia zaidi, na hilo ndilo linaloniua. Nina mdomo, nina karatasi, na siwezi.

Zena


Nanganga
31 Agosti 2024

Mume wangu Fakihi,

Mimi mkeo mkubwa, Esha. Mwandiko ni wangu, wa ngumbaru, kwa hiyo soma polepole kama nilivyoandika.

Nasikia unakwenda kupanda ngamia na hujaniaga. Ukianguka ukavunjika kiuno, mimi nitamfanya nini mume mbovu? Bora nijue mapema niposwe kwingine.

Habari ya kukupa sina. Ila sisi wazee kazi yetu ni ya zamani, basi nikusimulie moja. Mama yako alipokuwa na tumbo lake la kwanza, na lilikuwa wewe humo ndani, hakuna aliyelitaja. Mwezi wake wa saba ulipokaribia, baba yako akataka kumpeleka Lindi wakauze ufuta, warudi baada ya miezi mitatu. Tukamwambia ngoja. Akasema kwa nini? Tukamwambia usiulize. Akapiga ndoo teke, akasema mnanificha, mke wangu ana jambo, nitakwenda kwa jumbe! Umefanana naye, hata masikio. Mimi nikaficha viatu vyake. Viatu vyenyewe jozi moja, angekwenda wapi?

Tukafunga kaniki, tukapaka nyonyo, tukamchezea mama yako litiwo, nikamfunda mimi kwa mdomo wangu. Mama yake mzazi alikaa pembeni kaziba kinywa, maana mama hamfundi mwanawe, hata awe na akili kama malaika. Mama yako wiki nzima alikuwa analia kwa hofu. Siku ile alilala mpaka tukamwamsha ale. Na tungengoja ufuta uishe, tungekuta mtoto yuko mkekani, na ngoma ya kumpa mtu moyo haichezwi mtu akishapita kwenye moto peke yake.

Ni hayo tu. Sikumtaja mtu yeyote wa leo.

Goti langu limepoa. Paspoti niliyoendea Hija bado iko hai, nimeitazama jana. Ndege naijua: chakula chake kidogo na choo chake kinanguruma kama simba, lakini hakiumi.

Jibu usiniandikie. Kaa ufikiri, mume wangu.

Mkeo,
Esha


Mkomaindo
3 Septemba 2024

Mama Faidha,

Barua hii fupi, nina shughuli.

Kwanza, mimi siendi Moroko. Mambo ya korosho yameingiliana. Wa chama cha msingi wananihitaji, kuna magunia, kuna mizani, kuna vikao, mtu kama mimi hawezi kuondoka Masasi wakati huu nchi ikasimama. Usiniulize.

Pili, Bibi Esha anateseka sana na goti, na nimekumbuka kwamba hewa ya Fezi ni dawa ya magoti. Nani kasema? Nimesema mimi, niliyetembea. Kwa hiyo jina la pili kwenye tiketi ni lake. Nimeshalipeleka.

Tatu, yule mzee. Nimempigia simu ya kuonana. Lugha hatuna. Nikavua kofia, nikaweka mkono kifuani, nikainama mpaka simu ikaanguka kwenye sufuria ya maharage. Nilipoitoa nikamkuta naye ameinama. Nikainama tena, akainama tena. Tumeinamiana hivyo bila neno mpaka bando likakata. Baada ya muda Abdulrazaki akatuma tiketi. Mnaondoka tarehe ishirini na saba, Ijumaa.

Nne, ratiba. Nimeipanga upya mimi, maana nyinyi hamjui kupanga. Mkifika Jumamosi, nyumbani kwa Faidha. Jumapili, nyumbani. Mkiamka Jumatatu msifikirie hata dirisha. Wakisema njooni tuwaonyeshe mji, semeni goti. Wakisema kuna gari, semeni goti linaogopa gari. Na siku mtakayoona inafaa, Faidha amwambie Abdulrazaki awachukue baba yake na wanaume wote wa nyumba awapeleke jangwani, walale huko huko, wapande ngamia mpaka wachoke. Nimemwambia ni mila yetu: wageni wanawake wakija, wanaume wanakwenda jangwani. Kwa Kiingereza changu sijui kaelewa nini, ila kajibu oke.

Mtama nimekununulia, mwekundu, na nimeupeta mwenyewe. Nyonyo nimeipata kwa mtu anayekamua kwa mkono. Bibi anasema uiweke kwenye begi la chini, la mkononi wataichukua. Kaniki sikununua. Mwanamume hanunui kaniki bila kujua ni za nini, na mimi sijui ni za nini.

Sijui kabisa.

Kaka yako,
Fakihi


Newala
8 Oktoba 2024

Kwa mwenye mbumba, kaka yangu Fakihi. Shikamoo.

Tumerudi salama. Habari hii haisemwi simuni, na ndiyo mara ya kwanza inafika kwako. Bibi Esha amesimama nyuma yangu, anahakikisha natumia maneno yanayofaa, na kalamu ameninyang'anya mara mbili.

Faidha ana mimba. Litiwo limechezwa.

Hatukuwa na ngoma, tukapiga sinia la chai la mama mkwe. Mwenyewe alisimama mlangoni anachungulia. Bibi akamwita kwa mkono, akaingia, akapiga vigelegele vya kwao, virefu, nikafikiri hatavuta pumzi tena. Bibi alimfunda mtoto tangu adhuhuri, goti hatukulisikia. Mimi nilikaa pembeni nimeziba kinywa, nikaumia, nikafurahi. Mwanzoni Faidha alicheka kama nesi. Halafu akawa anauliza maswali, mengine nilitaka kutoka nje. Alipolala, kanilalia mapajani, mtu mzima yule na kitumbo chake. Siku ya kuondoka alinishika mkono akaniambia, mama, sasa niko sawa, nendeni.

Wanaume walikwenda jangwani kweli. Wamerudi wamebabuka pua, na mzee anasema hajawahi kuona mila ngumu kama ya Wayao.

Mimi Moroko nimeona barabara ya kutoka uwanja wa ndege, na dari. Dari nzuri.

Kaka, najua habari hii imekujia ghafla. Pole kwa mshtuko.

Dada yako,
Zena


Mkomaindo
10 Oktoba 2024

Mdogo wangu Zena,

Nimeshtuka! Barua nimeisoma nimesimama, nikatafuta kiti, nikaisoma nimekaa. Mimba! Faidha huyu huyu! Sikuwa na fununu hata chembe. Mwambie Bibi Esha nimeshtuka vizuri, tena mbele ya Optatus, awe shahidi.

Lakini Zena, Masasi wamenitesa. Kila nikipita ni hilo hilo: Fakihi, si ulisema unakwenda Moroko? Kinyozi kaacha msumari wazi ukutani na anauonyesha kwa wateja. Juzi mnadani nimevaa suti, jua la saa nane, bitana ya theluji inanichemsha, na mtu wa chama ananiita "Mmoroko" mbele ya wanunuzi, watu wakaangua kicheko mpaka karani wa mizani akasahau hesabu. Nikawaambia mimi jangwa nililiona zamani, pale karibu na Lusaka. Mwalimu mmoja akauliza jangwa gani karibu na Lusaka. Walimu hawana huruma.

Na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo hapa kooni, kubwa, limenona, ningelitema wangenyamaza wote. Unanijua mimi. Nikinunua shati, Mkomaindo inajua kabla sijafunga vifungo. Tangu mwanzo wa Septemba nimekaa na kitu kama hiki, nasema kwa mfano tu, kama ningekuwa nacho, nikamwambia nani? Paka? Nilimwambia paka. Kwa mfano. Akajilamba mguu. Mtu anaweza kushtuka akiwa peke yake na redio, akaruka, akagonga kichwa kwenye mlango, halafu asubuhi akavaa suti akaenda kuchekwa kwa ajili ya ngamia. Mtu anaweza. Sikujua, lakini inawezekana.

Sasa imetajwa. Imetajwa kwa karatasi, na dada yangu, kwa ruhusa ya Bibi. Basi si siri tena na mimi nina haki yangu. Mtoto akizaliwa mwambieni babu yake wa Masasi alikuwa na shughuli nyingi za korosho, asinione vibaya.

Ningeandika zaidi, lakini muuza kahawa anapita hapa nje na birika lake, na yeye bado hajaambiwa.

Babu Fakihi